Kompyuta ya Michezo kwa Pesa za Majani Chai

Mlezi wa chama aliponiomba niandike somo juu ya jambo ninalolijua vizuri, wenzangu wa Kidato cha Tatu walidhani nitaandika juu ya ngeli au mashairi. La hasha! Nimeamua kuandika juu ya vipuri vya tarakilishi, au kompyuta kama wengi wetu tunavyosema, hasa ile ya kuchezea michezo mikubwa. Najua kuna mwalimu atakayeuliza, "Michezo ya kompyuta na masomo wapi na wapi?" Namwomba asome mpaka mwisho kabla hajaniita ofisini. Somo hili si la kucheza. Ni somo la jinsi ya kutumia shilingi 50,000 ambazo si zako bila kuwaliza wenyewe. Mimi nusura niwalize, ndiyo maana naandika.

Mambo yalivyoanza

Kwetu ni upande wa Nyamira, si mbali na Kebirigo, ambako nyanya yangu ana shamba la majani chai. Baba mdogo ana kibanda cha michezo Keroka, ule mji wa mpakani ambao nusu yake ni Kisii na nusu ni Nyamira. Kibanda hicho kilikuwa na mashine mbili za PlayStation za zamani na televisheni mbili. Vijana walilipa shilingi kumi kwa mechi moja. Lakini kufikia mwaka wa 2025 wateja walianza kupungua. Walisema michezo ya hapo imezeeka, wachezaji waliomo ndani wengine wameshastaafu mpira! Walitaka mchezo mpya wa kandanda, GTA V, Tekken, na vitu kama hivyo.

Bonasi ya majani chai ya Oktoba 2025 haikuwa ya kujivunia katika sehemu zetu, na wakulima wengi walinung'unika. Hata hivyo nyanya alijikaza akaweka kando shilingi 35,000. Pesa hizo zilikuwa na kazi yake. Dada yangu mdogo ataingia gredi ya kumi Januari 2027, na sanduku, godoro na sare havinunuliwi kwa maneno matamu. Baba mdogo akamwomba nyanya amkopeshe, akaahidi kurudisha kila shilingi kabla ya mwezi huo. Yeye mwenyewe alikuwa na 15,000. Jumla ikawa 50,000.

Tulienda Kisii mjini kuuliza bei. Katika duka moja tulionyeshwa kompyuta ya mapajani ya michezo, mpya ndani ya boksi. Bei yake ilikuwa 145,000. Baba mdogo aliniangalia, nami nikaangalia viatu vyangu. Tulipotoka nje akasema, "Mwanangu, wewe ndiye umesomea mambo haya kule saiba. Niandikie orodha ya vitu vya kununua, tuunganishe yetu wenyewe." Nilifurahi sana. Sikujua kwamba kuandika orodha ni kazi kuliko kununua.

Somo la kwanza: Jua kazi ya kila kipuri

Kompyuta ni kama jikoni siku ya arusi. Prosesa ni mpishi mkuu. Ndiye anayeamua nini kifanywe na lini. RAM ni meza ya kukatia mboga. Ikiwa ndogo, vitu vinarundikana na kazi inakwama. Diski ni ghala ambako unga, mafuta na kuni huwekwa hata moto ukizimwa. Kadi ya grafiki ni yule anayepakua na kupamba sahani zote za wageni. Katika michezo ndiye anayechora kila picha unayoiona kwenye skrini. Pawasaplai ni kuni zenyewe. Bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita madabodi, ni jengo la jikoni ambamo wote hukutana. Kasha nalo ni ukuta na mlango.

Ukielewa mfano huu utaelewa kwa nini kompyuta ya ofisi, hata ikiwa nzuri, hushindwa na michezo. Ofisini hakuna wageni wengi wa kupakuliwa, kwa hivyo haikuwekewa mpakuaji wa nguvu. Vilevile utaona kwamba haifai kununua kadi ya bei ghali halafu ukaiweka na mpishi mzee asiyeweza kuilisha. Mmoja akichelewa, wote hungoja.

Somo la pili: Anza na mchezo, usianze na kompyuta

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Kompyuta gani ni kali?" Swali hilo halina mwisho wala halina bei. Uliza kwanza: nitacheza mchezo gani, na kwenye skrini gani?

Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu. Tukizidisha tunapata nukta 2,073,600. Ili picha isonge bila kukwaruza, kadi inapaswa kuchora picha kama 60 kwa sekunde moja. Zidisha tena: nukta 124,416,000 kila sekunde! Skrini ile inayoitwa 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400, ambazo ni mara nne kamili ya zile za kwanza. Basi anayetaka 4K anataka kazi mara nne, na mfuko lazima ujue hivyo.

Aidha, skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde, haizidishi. Ukinunua kadi ya kuchora picha 140 ukaiunganisha na skrini hiyo, nyingi ya picha hizo hazitaonekana. Ni kama kuchuma magunia matatu ya chai na lori lina nafasi ya moja.

Sisi tulikuwa na televisheni ya kawaida ya kibandani. Kwa hivyo lengo letu lilikuwa wazi: nukta 1,920 kwa 1,080, picha 60, mchezo wa mpira, GTA V na Tekken. Mapambo ya picha yakiwa ya wastani, hakuna kijana wa Keroka atakayelalamika.

Somo la tatu: Usidanganywe na jina

Wauzaji wengi husema, "Hii ni i7, chukua." Jina i7 peke yake halitoshi. Angalia nambari zinazofuata. Prosesa ya Intel i7-2600 ni ya kizazi cha pili. Ilitoka mwaka wa 2011 na ina viini vinne. Ile ya i5-8500 ni ya kizazi cha nane, ya mwaka wa 2018, na ina viini sita. Hapa "mdogo" anamshinda "mkubwa" kwa sababu amezaliwa baadaye.

Kuna sababu nyingine ya kuangalia kizazi. Windows 10 iliacha kupewa matunzo ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa masharti ya Microsoft, huanzia kizazi cha nane kwa prosesa za Intel. Anayenunua kizazi cha nne au cha sita leo kwa sababu ya bei ya chini ananunua mashine ambayo mlango wake umeanza kufungwa. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Basi niliandika katika daftari langu: kompyuta ya ofisi iliyotumika ng'ambo, Dell OptiPlex, i5-8500, RAM gigabaiti 8, SSD gigabaiti 256. Mashine kama hizo huletwa kwa wingi baada ya maofisi ya Ulaya kubadilisha vyombo vyao, na bei yake huwa sehemu ndogo tu ya bei ya mpya. Chini yake nikaandika: kadi ya GTX 1060 ya gigabaiti 6. Kadi hiyo ya mwaka wa 2016 ina nguvu kidogo kuliko GTX 1650 ya mwaka wa 2019, na muuzaji mmoja wa Nairobi alikuwa akiiuza 13,000 ilhali 1650 ilikuwa 14,500. Nguvu zaidi, bei chini zaidi! Nilijiona mimi ndiye mjanja wa mwisho duniani.

Somo la nne: Pima kasha, pima umeme, pima plagi

Sasa sikiliza kilichonipata. Baba mdogo alienda kununua kompyuta akiwa na karatasi yangu mfukoni. Dukani walikuwa nazo mbili zenye prosesa sawa. Moja ilikuwa ya kasha kubwa la kusimama kwa 22,500, nyingine ya kasha jembamba kwa 21,500. Karatasi yangu haikusema lolote juu ya kasha. Baba mdogo akachukua nyembamba. Ilikuwa nafuu kwa elfu moja, na ingebebeka vizuri kwa matatu. Ningekuwa mimi pia ningeichukua.

Siku mbili baadaye kadi ilifika kutoka Nairobi. Tulilipa 300 ya kutumiwa. Baba mdogo alikuwa amewaita vijana wake watatu waje washuhudie, na mmoja wao akaniuliza, "Wewe msichana utaweza kweli?" Nilimwambia aketi atazame. Nikafungua kasha, nikashika kadi, nikajaribu kuiingiza. Haikuingia. Ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko kasha lenyewe. Mfuniko usingefunga hata kwa nyundo. Nikaangalia tena nikaona ubaya wa pili. Kadi ilikuwa na tundu la kuchomeka waya wa umeme wa pini sita, na ndani ya kompyuta waya wa namna hiyo haukuwako kabisa. Yule kijana hakucheka. Heri angecheka.

Ndugu msomaji, makosa yangu yalikuwa matatu, na yote yangezuilika kwa rula na kalamu.

Kosa la kwanza ni kasha. Kompyuta za ofisi huja kwa ukubwa mbalimbali. Kasha jembamba hupokea kadi fupi maalumu tu. Kasha kubwa hupokea kadi ya kawaida, lakini hata hapo pima urefu wake.

Kosa la pili ni umeme. Tundu la madabodi ambamo kadi huchomekwa linatoa wati 75 kwa kiwango cha juu. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo lazima iletewe waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai. GTX 1060 inahitaji wati 120. GTX 1650 ya kawaida inahitaji wati 75, kwa hivyo nyingi hazina haja ya waya. Nasema nyingi, kwa kuwa zipo za jina hilohilo zilizowekewa tundu la waya. Tazama kadi yenyewe, usitazame jina tu.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba ningebadilisha pawasaplai kirahisi. Dell na HP hutumia plagi za namna yao katika nyingi ya kompyuta zao za ofisi. Pawasaplai ya kawaida ya dukani haiingii hivihivi bila nyaya za kubadilishia. Mimi sikujua.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikakosa hamu ya kula. Nyanya alikuwa jikoni akichambua chinsaga. Nikamwambia, "Nyanya, nimekosea. Pesa zako nimenunua kitu kisichoingia."

Hakunigombeza. Aliniuliza, "Kinaweza kurudishwa?"

"Sijui, nyanya. Labda kwa hasara."

Akasema, "Mimi nikipeleka majani magumu kwenye kituo, karani huyamwaga chini mbele ya watu. Siku hiyo nalia. Kesho yake nachuma majani mawili na kichipukizi. Kula kwanza, kesho urudishe."

Kesho yake tukapiga simu. Muuzaji wa kadi alikubali kuipokea tena kwa 10,000, nasi tukalipa 300 nyingine ya kuituma. Duka la kompyuta lilikubali kutubadilishia kasha jembamba kwa lile kubwa kwa kuongeza 2,000 badala ya 1,000, kwa kuwa mashine ilikuwa imeshatoka dukani. Siwalaumu. Hesabu ya ujinga wangu ni hii: 3,000 za kadi, 600 za kutuma, na 1,000 ya dukani. Jumla 4,600. Kiasi hicho nyanya angekipata kwa kuinama shambani siku nyingi.

Somo la tano: Hesabu ya umeme kabla ya kununua

Mara ya pili sikuandika lolote kabla ya kupiga hesabu. Nawapa hesabu hiyo kama ilivyo daftarini.

Prosesa i5-8500: wati 65.
Kadi GTX 1650: wati 75.
Madabodi, RAM, diski na feni, kwa makadirio: wati 40.
Jumla: wati 180.

Kibandiko cha pawasaplai ya kasha kubwa kiliandikwa wati 260. Ukitoa 180 unabaki na 80. Baki hiyo si ya kutamani kuongezea vitu. Ni ya usalama, maana prosesa na kadi hupanda ghafla kazi ikizidi, na pawasaplai iliyotumika miaka mingi si ya kusukumwa mpaka mwisho wake. Ingekuwa GTX 1060, jumla ingefika 225, na waya hauko hata hivyo.

Kuhusu RAM, kumbuka kwamba mbili za gigabaiti 8 huwa na kasi kuliko moja ya gigabaiti 16, kwa sababu prosesa huzisoma zote mbili kwa pamoja, kama mtu anayechuma chai kwa mikono miwili. Mashine yetu ilikuja na moja ya 8, tukaongeza ya pili. Oktoba tuliambiwa 3,000. Desemba ikawa 4,500. Nilidhani tunaibiwa, kumbe bei ilikuwa imepanda duniani kote mwishoni mwa mwaka wa 2025, viwanda vikipeleka mali nyingi kwenye majumba ya kompyuta za akili bandia. Mambo ya mbali yanafika hadi Keroka.

SSD nayo haiongezi idadi ya picha kwa sekunde. Kazi yake ni kufupisha kungoja mchezo ufunguke. Mchezo mmoja mkubwa unaweza kula gigabaiti 100, kwa hivyo SSD ya 256 hujaa haraka. Tuliweka Windows na mchezo unaopendwa zaidi kwenye SSD, na mingine kwenye diski ya zamani ambayo baba mdogo alikuwa nayo.

Somo la sita: Kagua kabla ya kulipa

Kipuri kilichotumika hakina kosa, kosa ni kukinunua ukiwa umefumba macho. Mambo ninayokagua sasa ni haya:

1. Fungua kasha. Vumbi si neno, lakini harufu ya kuungua, waya uliokatwa au bodi yenye weusi ni ishara ya kuondoka.

2. Washa mashine, andika dxdiag kwenye sehemu ya kutafutia, usome jina la prosesa, kiasi cha RAM na jina la kadi. Yalingane na maneno ya muuzaji.

3. Usiridhike na jina hilo peke yake. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitangaze kama GTX 1050 Ti. Dawa yake ni kucheza mchezo mzito kwa nusu saa. Jina laweza kudanganya, kazi haidanganyi.

4. Sikiliza feni. Ikilia kama posho mili, uliza kwa nini. Mara nyingine ni vumbi tu, au pesti ya joto juu ya prosesa imekauka na yafaa kubadilishwa.

5. Andikiana na muuzaji siku za kurudisha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hesabu yote

Kompyuta, pamoja na kubadilisha kasha: 23,500.
Hasara ya kadi ya kwanza: 3,000.
Kutuma mara mbili: 600.
Kadi GTX 1650: 14,500.
RAM ya pili: 4,500.
Kifaa cha kulinda umeme: 1,500.
Pedi mbili za kuchezea: 2,400.
Jumla: 50,000 kamili.

Angalia mstari wa umeme. Nilikuwa nimepanga UPS ya 6,000, ile yenye betri inayokupa dakika chache za kuzima mashine vizuri. Ukichukua zile 4,600 nilizopoteza ukaongeza 1,500, unapata 6,100. UPS ingekuwepo na chenji juu! Badala yake tuna kifaa kidogo kinachokata umeme ukipanda au ukishuka. Kinasaidia, lakini hakina betri. Nyinyi mnajua mvua za kwetu, na radi zake. Ngurumo ikianza Manga, mimi au baba mdogo tunakimbia kuchomoa waya ukutani, kwa sababu hakuna kifaa cha 1,500 kinachobishana na radi. Umeme ukipotea katikati ya mechi, tunarudisha shilingi za watu. Kila mara nakumbuka ile kadi.

Je, ilifaa?

Mashine iliwaka Desemba ile. Mchezo wa kandanda ulikwenda bila kukwaruza, na yule kijana aliyeniuliza kama nitaweza ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipa. Shabana FC hawamo mchezoni, ingawa walirudi Ligi Kuu mwaka wa 2023, lakini vijana huchagua timu yoyote ya jezi nyekundu wakapiga kelele za "Tore Bobe" hadi sokoni.

Mashine mpya inatoza shilingi 20 kwa mechi. Siku ya kawaida huingiza kama 300. Tukisema inakula wati 180 na televisheni 60, jumla 240, kwa saa nane ni yuniti 1.92. Kwa makadirio ya shilingi 30 kwa yuniti, umeme ni karibu shilingi 58 kwa siku. Toa na kodi ya kibanda, zinabaki kama 190. Mpaka ninapoandika haya tumemrudishia nyanya 21,000. Zimebaki 14,000, na Januari haingoji mtu.

Baba mdogo ameweka sheria mbili mlangoni: hakuna mwenye sare ya shule kabla ya saa kumi na nusu jioni, na hakuna kamari. Sheria ya kwanza ilinipata hata mimi.

Kwa wale wanaosema michezo hii ni upuuzi wa wavulana, nawakumbusha Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, aliyesajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU mwaka wa 2018 kwa ustadi wake wa Tekken. Mwaka wa 2015 nao ulitoka mchezo wa Nairobi X, uliotengenezwa hapahapa Kenya. Sisemi tuache vitabu. Nasema kwamba hata ndani ya kasha la kompyuta kuna hisabati, fizikia na uchumi, na mimi nimevielewa vizuri zaidi tangu pesa za nyanya zilipokuwa hatarini.

Basi ukipewa kazi ya kuandika orodha, iwe ya kompyuta, ya mabati au ya mbolea, usiandike jina na bei tu. Andika ukubwa, andika nguvu, andika mahali kitu kitakapochomekwa. Halafu mpe mtu mwingine aisome kabla pesa hazijatoka. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kompyuta yenye i5-8500 yaweza kuishinda yenye i7-2600?
2. Kompyuta ina prosesa ya wati 65, kadi ya wati 120 na vitu vingine vya wati 40. Pawasaplai ni ya wati 240. Je, hesabu ya wati peke yake inatosha kukufanya ununue kadi hiyo? Eleza.
3. Rafiki yako ana skrini ya hezi 60 na anataka kadi ya kuchora picha 140 kwa sekunde. Mshauri.
4. Ikiwa kibanda kinabakiwa na shilingi 190 kwa siku, na kinafanya kazi siku 26 kwa mwezi, deni la 14,000 litamalizika kwa miezi mingapi?

Jibu la swali la nne nimelihesabu mara nyingi. Ni karibu miezi mitatu, ikiwa mvua itatuhurumia.